Mapumziko ya Aminieli

"Mama Irine, yule mtu usimpe mtoto wako ambebe," mama Derick aliniambia kabla hata hajaketi. "Anajidunga dawa ya ng'ombe."

Nilikuwa nasuuza nepi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba haraka haraka kama anayefukuza nzi, kisha akarudi palepale. Amemwona kwa macho yake, anatoka duka la dawa za mifugo na kopo mkononi, na kwenye kopo pamechorwa ng'ombe. Sasa mtu anayeishi chumba kimoja hapa Kaloleni, hana kuku, hana hata paka, kopo la ng'ombe la nini?

"Labda la mama yake," nikasema. "Mama yake anafuga."

"Mama yake anafuga, halafu anayenenepa ni yeye! Wewe huoni lile shingo? Mtu wa kawaida anapata wapi shingo lile? Na harufu je? Pita mlangoni kwake asubuhi, utadhani umeingia zizini."

Mama Derick, jina lake Pudensiana, ni mtu wa Rombo, anauza mkaa kwenye geti la nyumba yetu. Roho mbaya hana. Habari tu haimkai tumboni. Akishaisema kwangu anaisema kwa fundi viatu, kisha kwa mama wa maandazi, na jioni inarudi kwangu ikiwa imeongezeka miguu. Ile ya Aminieli iliporudi jioni, ilikuwa sindano mbili kwa siku, moja kila bega.

Aminieli ni jirani yetu wa chumba cha mwisho, karibu na bomba. Ni Mmeru wa Akheri, kule juu ya Tengeru. Mchana anapakua mizigo sokoni Kilombero, viazi, vitunguu, kabichi, mikungu ya ndizi. Jioni ananyanyua vyuma. Mlango wa chumba chake ni mwembamba, akiingia lazima ageuke ubavu kidogo, na watoto wa uani hupenda kumwigiza, wanatanua mikono wanapita mlangoni kama kaa. Yeye anacheka nao. Sijawahi kumsikia amepaza sauti.

Jimu anayokwenda ipo nyuma ya ukuta wetu, kwenye uwanja uliokuwa gereji. Hakuna mashine wala vioo. Kuna mabomba ya chuma yaliyosimikwa kwenye makopo ya rangi yaliyojazwa zege, kuna gia za lori, na benchi la mbao lililofunikwa kwa mpira wa tairi. Mwenye jimu anaitwa Lomayani, lakini wote wanamwita Ticha. Kila jioni, nikianza kupika, nasikia vyuma vinagongana ng'ambo ya ukuta na wanaume wanaguna. Irine alizaliwa akiisikia sauti hiyo, siku hizi asipoisikia halali vizuri.

Mimi na Irine maisha yetu ya mchana ni uani. Mume wangu, Ezra, analinda ghala usiku, mchana analala, na chumba ni kimoja. Kwa hiyo natoka na mtoto, na beseni, na kigoda, nakaa pale mpaka baba yake aamke. Nafua nguo za wapangaji, za Aminieli zikiwemo. Ukikaa uani hivyo siku zote unamjua mtu kwa ndoo yake, kwa mlango wake, kwa anavyoanua nguo.

Na kwenye kuanua ndipo nilipoanza kuona. Zamani Aminieli alikuwa akipita kwenye kamba, anainua mikono yote miwili, anakusanya nguo zake zote kwa mara moja kama mtu anayekumbatia jamaa yake. Sasa alikuwa anasimama pembeni, anavuta moja moja kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umeshika mkanda wa suruali, utadhani una shughuli huko. Bombani ndoo anaichukua kwa kushoto. Kikombe cha chai, kushoto. Na Irine, ambaye akimwona tu anajirusha kwake, alikuwa amezoea kutupwa juu mpaka nasema jamani kaka Aminieli, uji utarudi. Siku hizi alikuwa anachuchumaa mbele yake na kumpa kidole ashike. Mtoto anakishika, anakitazama, kisha anamtazama yeye usoni, kama anauliza vingine viko wapi.

Sikumuuliza. Siku zile Irine alikuwa anaota meno, nilikuwa nimechoka, hata kuuliza naona uvivu. Nilikuwa naona tu, na kuendelea kufua.

*

Alasiri moja, kabla vyuma havijaanza, Lomayani aliingia uani. Ni mtu mrefu, mwembamba kuliko wanafunzi wake, anatembea polepole kama anayefuata ng'ombe. Alinisalimia, akamuulizia Ezra, kisha akaenda kusimama mlangoni kwa Aminieli.

"Ticha, karibu," Aminieli akasema akitoka.

"Sijaja kukaribishwa. Nimekuja kuona bega."

"Bega zima."

"Nyanyua."

Aminieli akanyanyua mkono wa kulia. Ukafika usawa wa kifua ukagoma. Akatabasamu.

"Endelea," Lomayani akasema.

"Si nimenyanyua?"

"Hapo umenipa salamu. Nimesema nyanyua."

Mkono haukupanda. Nilimwona jasho linamtoka kwenye paji la uso, na jua lenyewe lilikuwa limeshajificha nyuma ya mawingu ya Meru, palikuwa na baridi. Lomayani akaushika mkono, akaushusha taratibu, kama unavyomshusha mtoto aliyelala.

"Mimi nimekupangia," akamwambia. "Jumatatu kifua, Jumatano miguu, Ijumaa mgongo na mabega. Siku za katikati hugusi kitu. Jumapili hugusi kitu. Kila baada ya miezi miwili, wiki nzima hugusi kitu. Ndivyo nilivyowapangia wote, na wote wako salama, ni wewe tu unavimba kama andazi. Unakuja alfajiri kuniibia vyuma?"

"Siibi, Ticha. Haki ya Mungu, siku ya kupumzika sigusi chuma chako."

"Jumapili?"

"Jumapili napumzika. Naenda kwa mama."

Mkononi nilikuwa na shati lake la Jumapili, lile jeupe lenye mistari. Nilikuwa nimelisugua begani mpaka vidole vinaniuma. Lilikuwa na doa la kahawia, pana, limetoka juu ya bega limeshuka mpaka kwapani, na jingine la wiki iliyopita chini yake, na jingine la zamani lililopauka. Doa hilo kila aliyekulia kwenye migomba analijua. Sabuni hailitoi, jiki hailitoi, ndimu unaharibu bure. Nilitaka kujua tu nifanyeje.

"Kaka Aminieli," nikamwita, "huu utomvu wa mgomba hautoki. Nikilianika hivihivi utalivaa?"

Lomayani akageuka. Akaja akalichukua shati mikononi mwangu, akalikunjua, akaliangalia lile bega la kitambaa, kisha akaliangalia bega lenyewe.

"Unapumzika na mgomba begani?"

"Aa, Ticha," Aminieli akasema, na alikuwa anashangaa kweli, hakuwa anajitetea. "Hiyo si chuma. Hiyo ni nyumbani."

"Nyumbani unabeba nini?"

"Majani ya ng'ombe tu."

"Unayatoa wapi?"

"Kule chini, bondeni. Na migomba miwili mitatu ya kumkatia ng'ombe. Na samadi kidogo kupeleka kwenye kahawa. Vitu vya kawaida, Ticha, hata watoto wanabeba."

"Unapanda navyo mlima?"

"Sasa Akheri kuna tambarare?"

Mama Derick, ambaye alikuwa ameshasogea na kiti chake kutoka getini, akacheka kwa sauti. Lomayani hakucheka. Aliigeuza ndoo yangu tupu, akaikalia, anafikicha magoti.

"Babu yangu kule Oldonyo Sambu alikuwa na punda wanne wa maji," akasema. "Leo wanabeba wawili, kesho wawili wengine. Punda wa zamu ya kupumzika hata kamba hakumfunga, anamwacha anajigaragaza kwenye vumbi. Wewe unaye punda mmoja tu, Aminieli, ni huo mwili. Sokoni unamtwika. Kwangu unamtwika. Halafu siku yake ya kujigaragaza unampandisha mlima na majani, unasema si chuma. Mwili unajua wapi kwamba hii ni chuma na hii ni kwa mama? Unajua kwamba kuna uzito, basi."

Aminieli akalitazama lile doa.

"Kuanzia leo kwangu huingii mpaka nikuite. Sokoni kaa kwenye kufunga magunia, nitaongea na wenzako. Na Jumapili unakaa. Kwenye kiti. Ukienda kwa mama yako, ukae kwa mama yako."

"Sawa, Ticha," Aminieli akasema. Lakini nilimwangalia usoni alivyosema sawa, na niliona mtu ameambiwa jambo zito kuliko gia za lori.

*

Mimi nilidhani kupumzika ni kitu ambacho mtu anangoja kwa hamu. Mwenyewe siku zile nilikuwa nakitamani kama mgonjwa anavyotamani maji. Kumbe kuna ambao hawakiwezi.

Aliporudi kutoka sokoni siku ya pili yake, ilipofika saa ya vyuma, alitoa kigoda akakaa karibu nami. Ng'ambo ya ukuta wakaanza. Chuma kikigonga, goti lake linaruka. Akavumilia kidogo, akainuka, akachukua ufagio, akafagia uani kote kwa mkono wa kushoto. Akamaliza. Akaanza tena upya.

"We Aminieli, huo ufagio utauvunja mgongo!" mama Derick akamwambia. "Leo dawa imekuishia nini?"

"Dawa gani, mama?"

"Unaijua mwenyewe."

Hakumwelewa, akaendelea kufagia. Kisha akaja akakaa tena.

"Shemeji," akaniambia, "wewe unakaaje?"

"Mimi? Mimi sikai, kaka. Mimi ndiye ninayekaliwa." Nikamwonyesha Irine, ambaye alikuwa juu ya miguu yangu anang'ata ncha ya kanga.

Akacheka kidogo. Baadaye akaanza kusema, anaangalia chini, na mimi niliendelea kukunja nguo ili asione kama namsikiliza sana.

Alisema miaka ya nyuma, akiwa kijana, alikuwa anapakia mawe kwenye malori huko machimboni, na vumbi na baridi, na kulala popote. Akaanza kukohoa. Alipokuja kupimwa, ilikuwa kifua kikuu, na alikuwa ameshakwisha. Akapelekwa nyumbani kwa mama yake, bibi Penina, ambaye ni mjane na Aminieli ndiye mtoto wake pekee aliyebaki.

"Asubuhi mama alikuwa ananitoa nje kwenye jua," akasema. "Mgongoni, shemeji. Mimi na ndevu zangu, niko mgongoni kwa mama kama huyu Irine, miguu inaburuta chini. Ananikalisha kwenye kiti kando ya zizi. Anaenda kukata majani, hata hajajaza mzigo anarudi mbio kuangalia kama bado napumua. Ananiwekea mkono hapa, puani. Kisha anarudi kwenye majani."

"Pole, kaka."

"Dawa nilimeza mpaka mwisho. Nikapimwa, nikaambiwa nimepona kabisa. Lakini aliyepimwa ni mimi. Mama hakupimwa."

Nikaacha kukunja.

"Mpaka leo nikifika, kabla shikamoo haijanitoka, ameshaniangalia mabega. Anaanza na mabega, anashuka kwenye mikono, ndipo anafika usoni. Kwa hiyo mimi nikifika sikai. Nachukua kamba na panga nashuka bondeni, napandisha mzigo mkubwa kuliko wa majirani, napita nao mbele yake. Hapo ndipo namsikia anaanza kuimba jikoni. Hivyo vyuma nilianza kwa ajili hiyo hiyo, niwe na mabega ya kumpelekea. Na kile kiti bado kipo kando ya zizi. Sijawahi kukikalia tena. Nikikikalia, yule mama atakufa na wasiwasi. Presha anayo tayari. Mwaka juzi nilikwenda na mafua, akanisindikiza kwa miguu mpaka Tengeru, kanishika mkono njia nzima, watu wanatuangalia."

Vyuma vikagonga ng'ambo ya ukuta. Goti likaruka.

"Sasa Ticha anasema nikae," akasema. "Ticha hamjui mama."

*

Jumapili hiyo alikwenda. Asubuhi alipita na lile shati la mistari, madoa yake yote begani, akaniambia anakwenda kukaa tu. Mimi nilitaka kumwamini.

Alirudi jua bado lipo, na kwa kawaida hurudi na giza. Alikuwa ameingiza mkono wa kulia ndani ya koti na kufunga zipu juu yake. Alipita bila kuwaona watoto waliotanua mikono yao mlangoni. Ezra alikuwa ameamka, anajiandaa kwenda lindoni, akamfuata chumbani. Alipotoka alikuja moja kwa moja kwangu.

"Amebeba," akaniambia. "Mvua ilinyesha, mteremko unateleza. Mzigo umeondoka, yeye akaudaka. Anasema alisikia bega linachanika kama kitambaa."

"Na mama yake?"

"Amemwambia anawahi kwaya mjini."

Asubuhi Ezra alipotoka kazini hakulala, alimpeleka hospitali. Walirudi mchana, Aminieli amefungwa kitambaa shingoni kushika mkono. Daktari amesema mshipa wa bega haujakatika lakini umebaki kama kamba iliyolika, nyuzi chache zinashikilia. Akiuacha utulie, wiki kwa wiki, utashika. Akibeba tena hivi karibuni utakatika, na hapo ni kisu, na hata hicho kisu hakiahidi. Mkono wa kubebea mizigo utakuwa umekwenda. Aminieli hana kazi nyingine anayoijua, na yule mama hana mtu mwingine.

Alikaa mlangoni kwake, kwenye ngazi, mguu mmoja ndani mmoja nje. Sijawahi kuona mtu mkubwa namna ile amekaa mdogo namna ile. Ezra, macho mekundu kwa usingizi, akaniomba maji ya moto na kitambaa. Kisha akasema ngoja nikukande na ile dawa yako, akaingia ndani, akatoka na kopo. Kwenye kopo pamechorwa ng'ombe.

Mama Derick akafika kabla kopo halijafunguliwa.

"Hiyo ndiyo yenyewe!" akasema. "Ezra, mwanangu, na wewe umeingia?"

"Kuingia wapi, mama?"

"Kwenye sindano!"

Aminieli akamtazama, akatazama kopo, na ikamjia polepole. "Mama Derick, haya ni mafuta ya kukamulia. Anapakwa ng'ombe kwenye chuchu zisipasuke. Mama alinifundisha, nikichoka napaka begani. Yale aliyonipa yaliisha, nikanunua mengine."

"Kwa hiyo hujidungi?"

"Nijidunge nini?"

Mama Derick akasimama hapo na aibu yake, lakini haikumchukua muda. Akavua kandambili moja.

"Basi nitilie kidogo kwenye visigino," akasema. "Hili vumbi la mkaa limenimaliza."

Aminieli akacheka, bega likamkata katikati ya kicheko, akabaki amekunja uso huku bado anacheka, machozi yanamtoka. Ezra akampaka mama Derick visigino kwanza. Mpaka jioni uani kote tulinuka zizi, na fundi viatu alikuja kuuliza kama na nyufa za mikono yanasaidia.

*

Wiki ile ilikwenda kwa uchovu. Aminieli hakwenda sokoni. Alikuwa anatoka asubuhi anakaa kwenye kigoda, anahama na jua, kutoka mlangoni kwake mpaka kwenye kamba, kutoka kwenye kamba mpaka getini. Vyuma vikianza jioni anaingia ndani na kufunga mlango. Mara moja niliona Lomayani amekuja wakati wa vyuma, ameketi naye huko ndani bila taa, wamekaa tu. Nikawapelekea chai. Lomayani akanishukuru kwa niaba ya wote wawili.

Jumamosi nilikuwa naanika, Irine mgongoni amelala. Simu ya Aminieli ikaita. Akaipokea kwa Kimeru, na sauti yake ikabadilika ikawa ya mtu mzima mwenye afya, anacheka, ee, ee. Alipokata akabaki ameishika mkononi.

"Mama anauliza kesho nafika saa ngapi," akasema. "Nikisema siji, yeye atashuka. Atafika hapa kesho asubuhi na kuku mkononi."

"Na majani ya ng'ombe?"

"Majani si shida. Nimempigia binamu yangu, atakata na kupandisha, atafanya hivyo mpaka nipone. Shida si majani, shemeji. Shida ni kukaa. Mama akiniona nimekaa na mwingine anabeba, hata chai hatachemsha. Atakuja kuniwekea mkono puani."

"Mwambie tu ukweli, kaka. Ni bega, si kifua."

"Nitamwambia. Lakini nataka aambiwe akiwa ameshaniona nimekaa, nakula, nacheka, na sifi. Kitambaa nitakificha ndani ya koti. Nikianza na ukweli atasikia neno la kwanza tu."

Nikatundika shati lake. Lile la mistari. Nililianika doa likiwa upande wa ndani. Yeye aliniangalia mpaka nilipomaliza.

"Wewe umewahi kufika Akheri?" akaniuliza.

"Sijawahi. Tengeru ndiyo mwisho, siku ya soko."

"Kwetu mgeni akija, mwenye mgeni hainuki. Hata majani yawe yamekwisha, hata ng'ombe analia. Ukiinuka ukamwacha mgeni kwenye kiti peke yake, mama anaweza kukuchapa mbele yake, ndevu zako hazihesabu. Viti vyote vinatolewa nje, hata kile cha kando ya zizi. Unakaa na mgeni wako. Mnakunywa chai, mnakula ndizi, mnasubiri nyama iive, mnaongea. Mgeni asipoondoka, na wewe huondoki kwenye kiti. Mama mwenyewe ndiye anayekulinda usisimame."

Nikaanza kuelewa. Irine akajigeuza mgongoni, akavuta pumzi ndefu, akaendelea kulala.

"Jumapili ya baadaye Ticha amesema atakuja yeye," akasema. "Ile inayofuata, mama Derick ameshajialika, anataka kopo lake mwenyewe. Ila wa kwanza sitaki awe Ticha, mama ataogopa urefu wake. Na mama Derick atamaliza kila kitu kabla sijafungua mdomo. Wa kwanza nataka awe na mtoto. Mama akishika mtoto, macho yake yanaondoka kwenye mabega yangu."

"Na baba Irine?"

"Nimemwomba mapema, alipotoka lindoni. Ameuliza kama kuna kivuli. Nimemwambia kipo, na mkeka upo, alale mpaka achoke."

Nikaangalia beseni. Lilikuwa bado na nguo za watu. Nikaangalia mikono yangu. Sikumbuki mara ya mwisho mtu aliniambia nikae mahali na nisifanye kitu.

Aminieli aliinuka kutoka kwenye kigoda chake, akaurekebisha ule mkono kwenye kitambaa, kama mtu anayetaka kusema jambo akiwa amevaa vizuri.

"Shemeji, nakuomba," akasema. "Kesho njoo na Irine, muwe wageni wangu. Na ukishakaa pale kwa mama, nakuomba sana, usiwahi kuaga."